Miezi mitatu ndani ya kundi la utabiri wa kulipia: hesabu ya mikeka niliyoinunua

Mwezi Februari nilijiunga na kundi moja la Telegram linalouza utabiri wa mechi za mpira wa miguu kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Nilikaa humo hadi mwisho wa Aprili, na kila utabiri uliotolewa niliuandika katika daftari kabla mechi haijaanza. Sitalitaja kundi hilo kwa jina, kwa kuwa yako mengi yanayofanana nalo, na hata ukibadilisha jina na picha ya gari jeupe iliyowekwa juu ya ukurasa, mteja hatatambua tofauti. Ninachokusudia ni kuitathmini bidhaa yenyewe: mteja anapewa nini, kinamgharimu kiasi gani, na iwapo ndani yake kuna jambo lolote ambalo kampuni ya kubashiri haikulijua ilipopanga odi zake, yaani namba ambazo dau huzidishwa nazo mtu akishinda. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilipie, maana mimi ni mhasibu katika shughuli za bima, na kulipangia bei jambo lisilo na uhakika ndiyo kazi inayonipa ugali.

Kwa shilingi 30,000 mteja hupata vitu viwili. Cha kwanza ni mechi za kuwekea dau mojamoja, ambazo hutumwa kila siku yenye mpira, na nilizihesabu zikafika 126 katika muda wote niliokaa. Cha pili ni mkeka wa siku, yaani tiketi moja yenye mechi tano ambazo lazima zote zipatie ndipo ulipwe, ambao ulitolewa mara 60 na kwa kawaida odi zake zilizunguka 18 hadi 20. Juu ya hayo kuna huduma ya tatu inayouzwa kando, nayo ni ile inayoitwa mechi za uhakika, ambayo nitaifikia baadaye kwa sababu inahitaji aya yake yenyewe.

Nianze na yaliyo mazuri, kwani yapo. Utabiri ulifika mapema, mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi, kwa Kiswahili safi kisicho na makelele. Habari za majeruhi na za wachezaji wenye kadi zilikuwa sahihi kila nilipozihakiki, na kwa mechi za Ligi Kuu ya Tanzania Bara walikuwa makini kuliko baadhi ya kurasa za michezo ninazozisoma, hasa walipoeleza timu iliyosafiri kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kucheza kwenye uwanja wa Kaitaba imefika lini na imepumzika siku ngapi. Mtu anayependa mpira tu, bila nia ya kubeti, angefurahia kusoma maelezo hayo.

Tatizo ni kwamba katika utabiri wote 126 hakuna hata mmoja uliosema odi ilipaswa kuwa ngapi.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo roho ya biashara nzima, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Katika wiki ya kwanza tuliletewa mechi ambayo kampuni ninayoitumia ilikuwa imeipa timu mwenyeji odi ya 2.10, sare 3.20 na mgeni 3.40. Kila odi ni uwezekano uliovaa nguo ya bei, na ukigawanya 1 kwa odi utauona uwezekano huo: mwenyeji asilimia 47.6, sare asilimia 31.3, mgeni asilimia 29.4. Ukijumlisha unapata asilimia 108.3, ingawa mechi moja haiwezi kuwa na uwezekano unaozidi 100. Zile 8.3 zilizozidi ndizo ujira wa kampuni, na hukatwa kimyakimya kabla mpira haujawekwa katikati. Ukiuondoa ujira huo kwa kuugawa sawia, utaona kwamba kampuni yenyewe inaamini mwenyeji ana nafasi ya asilimia 44 ya kushinda, na kwamba odi ya haki ingekuwa karibu na 2.27. Wewe unauziwa 2.10.

Maana yake ni kwamba mtu anayeweka dau kwa mwenyeji huyo hahitaji tu kuamini kuwa mwenyeji ni timu nzuri, wala hahitaji kuamini kuwa atashinda. Anahitaji sababu ya kuamini kwamba nafasi ya mwenyeji inazidi asilimia 47.6, wakati watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wenye kumbukumbu za miaka mingi na kompyuta zisizolala, wameikadiria kuwa 44. Pengo hilo la pointi tatu na nusu ndilo ambalo mtabiri anayestahili kulipwa huwa analivuka, na zaidi yake ndipo panapopatikana ninachokiita upenyo, yaani faida ya kweli iliyomo katika bei yenyewe, mbali na matokeo ya siku moja. Kundi langu liliandika hivi kuhusu mechi hiyo: mwenyeji hajafungwa nyumbani katika mechi sita. Habari hiyo ni ya kweli, na kampuni iliijua pia, na tayari ilikuwa imo ndani ya ile 2.10. Mwenyeji alishinda, na kundi likafurika pongezi. Mimi nilipokea pesa yangu kama kila mtu, na bado katika daftari nikaandika kwamba dau lile lilikuwa baya.

Najua kauli hiyo humkera msomaji. Katika bima tunaikubali bila ubishi: kampuni iliyouza bima ya nyumba kwa nusu ya bei inayostahili imefanya biashara mbaya hata kama nyumba haikuungua mwaka huo. Kwenye mikeka watu huhukumu kwa matokeo peke yake, na wauzaji wa utabiri wanaishi kwa tabia hiyo.

Sasa nije kwenye hesabu. Kati ya mechi 126 za mojamoja, zilishinda 68, yaani asilimia 54. Mtu akiambiwa kwamba mtabiri anapatia zaidi ya nusu huona kuwa huo ni ushindi, na kundi lilitumia takwimu ya namna hiyo kwenye matangazo yake kila wiki. Niliweka shilingi 5,000 kwa kila mechi, jumla 630,000. Odi zilizotangazwa na kundi kwa mechi zilizoshinda zilikuwa na wastani wa 1.85, na kama ningezipata zote ningerudishiwa 629,000, yaani hasara ya shilingi elfu moja kwa kazi ya miezi mitatu. Lakini sikuzipata. Kufikia wakati ninafungua ujumbe na kuingia katika akaunti yangu, odi mara nyingi zilikuwa zimeshuka, na wastani niliopata kwa mechi zilezile ulikuwa 1.78. Kiasi nilichorudishiwa kilikuwa 605,200, na hasara ikawa 24,800. Tofauti kati ya 1.85 na 1.78 haionekani kwa macho ya mtu anayetazama mkeka mmoja, ila kwa mechi 68 imekula karibu shilingi 24,000, na hakuna mahali popote ambapo kundi liliitaja.

Hapa haki inanilazimu kusema jambo linalowasaidia wao. Mechi 126 ni chache mno kumhukumu mtabiri. Kwa idadi hiyo, bahati peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha asilimia ya ushindi kwa karibu pointi tisa, kwa hiyo mtu aliyepata 54 huenda uwezo wake halisi ni 45, na huenda ni 63. Ili kutenganisha bahati na ujuzi pale ambapo upenyo wenyewe ni wa pointi tatu, zinahitajika mechi zaidi ya 1,000 zilizoandikwa bila kuchagua, na hakuna mteja wa kawaida atakayekaa muda huo wote akilipa. Nadhani wauzaji wanalifahamu hilo vizuri.

Kwa sababu hiyo nilitafuta kipimo kinachojibu mapema zaidi, nacho ni kulinganisha odi niliyoipata na odi ya mwisho kabla ya filimbi. Odi hubadilika kuanzia inapotangazwa hadi mechi inapoanza, kwa kuwa kampuni huzirekebisha kadiri habari na pesa zinavyoingia, na ile ya mwisho ndiyo huwa imekusanya taarifa nyingi zaidi. Mtabiri mwenye jicho huchukua odi kabla haijashuka: anachukua 2.10, na mechi inaanza ikiwa 1.95. Akifanya hivyo mara nyingi, hata kama mwezi huu amepoteza, una sababu ya kumsubiri. Katika daftari langu odi ilishuka kwa faida yangu mara 51, ikapanda dhidi yangu mara 58, na ikabaki palepale mara 17. Ningerusha sarafu ya shilingi mia ningepata matokeo yasiyotofautiana sana na hayo. Kipimo hiki kilinishawishi kuliko hasara yenyewe, na ninamshauri yeyote anayelipia utabiri akianze siku ya kwanza, kwa kuwa hakihitaji chochote ila kalamu na kutazama simu dakika tano kabla ya mechi.

Kuhusu mkeka wa mechi tano sina mengi ya kusema, kwa sababu hesabu yake inajieleza. Kama kwa mechi moja kampuni hurudisha wastani wa shilingi 93.5 katika kila 100, basi ukiziunganisha mechi tano makato hujizidisha, na kinachorudi ni karibu 71. Ukiunganisha kumi ni 51. Bonasi ya mkeka ambayo kampuni hutoa kwa mikeka mirefu hurudisha sehemu ya makato hayo, ila hairudishi yote, la sivyo isingetolewa. Mikeka 60 kwa shilingi 1,000 kila mmoja ilinipa ushindi mara mbili, 18,200 na 19,600, na hasara ya shilingi 22,200. Mikeka 58 iliyochanika haikubaki kwenye ukurasa. Ujumbe unaofutwa katika chaneli ya Telegram hauachi alama yoyote, tofauti na WhatsApp ambako angalau unaona kwamba kulikuwa na kitu kikafutwa. Mgeni aliyejiunga mwezi Aprili aliikuta ile mikeka miwili iliyoshinda, ya kijani, ikiwa imebandikwa juu, akaniuliza faraghani kama kweli mambo ndiyo haya kila siku.

Mechi za uhakika ziliuzwa kwa shilingi 200,000, kwa maelezo kwamba zimekwisha kupangwa. Sikuzinunua. Mfanyakazi mwenzangu, ambaye alikuwa ameingia kundi hilohilo kwa kiungo kingine, alitumiwa sampuli ya bure ya mechi moja kati ya hizo, nami nikatumiwa sampuli yangu siku hiyohiyo. Tulipoziweka simu mbili mezani wakati wa chai tukaona mechi ni moja, kwake mwenyeji atashinda, kwangu mgeni atashinda. Ujanja wake ni wa zamani: ukiwagawa watu mafungu mawili, fungu moja lazima litaona umepatia, na hao ndio watakaoombwa laki mbili. Mwenzangu alicheka hadi chai ikapoa, kisha akanyamaza, kwa kuwa mwezi uliotangulia alikuwa karibu alipe.

Upo upande mwingine wa huduma hii ambao ni wa hatari kuliko ubovu wa utabiri wenyewe, nao ni ushauri wa kiasi cha kuweka. Mara kadhaa kundi liliwahimiza watu wapakie asilimia 20 ya akiba yao ya kubeti kwenye mechi moja waliyoiita ya benki. Mwaka 1956 John Kelly, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwa hesabu kiasi kinachofaa kuwekwa pale mtu anapokuwa na upenyo anaoujua, na kanuni yake bado inatumika. Chukua ile odi ya 2.10, na tuseme una hakika kabisa kwamba nafasi ya mwenyeji ni asilimia 50, jambo ambalo lingekuwa upenyo mkubwa. Kanuni inakuruhusu kuweka asilimia 4.5 tu ya akiba yako, na watu waangalifu huweka nusu ya hapo, kwa kuwa hakuna aliye na hakika kabisa. Pasipo na upenyo, kanuni inasema weka sifuri. Anayeambiwa aweke asilimia 20 bila kuonyeshwa uwezekano wowote anaambiwa tu achome akiba yake upesi zaidi.

Kodi nayo haikuwahi kutajwa, ingawa inabadilisha kila kitu. Tuseme kampuni inakata asilimia 10 ya faida yako kabla ya kukulipa: ile 2.10 inageuka kuwa 1.99, na kiwango unachotakiwa kukivuka kinapanda kutoka asilimia 47.6 hadi 50.3. Majirani zetu wa Kenya waliliona hili kwa ukali zaidi pale Sheria ya Fedha ya 2019 ilipoweka ushuru wa asilimia 20 juu ya dau lenyewe, ushuru uliofutwa mwaka uliofuata na kurudi 2021 kwa asilimia 7.5. Dau likikatwa asilimia 20 kabla ya kuingia, sijui mtabiri gani duniani angebaki na upenyo. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama mechi ina faida ya kweli ahesabu kwa pesa itakayoingia kwenye simu yake, asihesabu kwa namba iliyoandikwa kwenye mkeka.

Je, upenyo upo kabisa? Upo, na nisingependa msomaji aondoke akidhani nimesema haupo. Mwaka 2017 watafiti watatu, Lisandro Kaunitz, Shenjun Zhong na Javier Kreiner, walichapisha kazi ambayo ndani yake hawakutabiri mpira hata kidogo. Walichukua wastani wa odi za kampuni nyingi kama makadirio ya uwezekano, kisha wakatafuta kampuni moja iliyokuwa imetoa odi kubwa kuliko wastani huo ulivyostahili. Kwa kumbukumbu za miaka kumi njia hiyo ilirudisha faida ya asilimia 3.5 huku ikipatia chini ya nusu ya mechi, na walipoijaribu kwa pesa zao wenyewe kwa miezi mitano, mechi 265, walipata asilimia 8.5. Baada ya hapo kampuni zilianza kuwawekea mipaka ya dau. Somo la kazi hiyo kwa mteja wa kundi langu ni la moja kwa moja: faida ilitoka kwenye kulinganisha bei, wala haikutoka kwenye kujua nani atafunga, na mtu mwenye akaunti katika kampuni tatu zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha anaweza kuanza kuilinganisha leo bila kumlipa mtu shilingi 30,000. Asitegemee kwamba ataachwa aendelee kwa muda mrefu.

Kwa mechi zetu za nyumbani nina dhana, na naitoa kama dhana. Kampuni haziwezi kuzifuatilia mechi za timu za chini za Ligi Kuu kwa umakini uleule zinaofuatilia ligi za Ulaya, na anayejua kuwa uwanja umehamishwa au kikosi kimechelewa njiani anaweza kuwa na habari ambayo bado haijaingia kwenye odi. Lakini ujira wa kampuni kwenye mechi hizo huwa mkubwa zaidi na kiwango cha juu cha dau huwa kidogo, kwa hiyo upenyo ukipatikana ni wa kununulia nyama ya Jumapili. Kundi langu, lenye zile habari nzuri za safari za Bukoba, lilikuwa limesimama mlangoni pa kitu hicho hasa. Badala ya kuingia lilitumia mechi nyingi kutabiri ligi kubwa za Uingereza na Hispania, ambako halina lolote ambalo dunia nzima haijui.

Ukijumlisha hasara ya mojamoja, hasara ya mikeka na ada ya miezi mitatu, nimetumia shilingi 137,000, na kati ya hizo 90,000 zimekwenda kwa kundi na 47,000 kwa kampuni. Nyota ninazotoa ni moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya habari za majeruhi.

Kabla sijajitoa nilimwandikia msimamizi faraghani, kwa heshima, nikimwomba kwamba katika kila utabiri waongeze namba moja tu: odi ambayo chini yake mteja asiweke dau. Nilimweleza kuwa kwa namba hiyo moja ningelipia mwaka mzima, kwa sababu ingenionyesha kwamba kuna mtu aliyekaa chini akapiga hesabu. Alijibu baada ya dakika chache: «Mkuu, wewe weka tu, hiyo ni pesa.» Kisha akanitumia namba ya kulipia mwezi unaofuata.